Hisa za Mzee Kassimu Zilizokatwa kwa Mkasi

Vijana wangu, mimi si mtu wa kucheka ovyo. Waliofanya kazi chini yangu katika ofisi ya Kwale watawathibitishia hivyo, na hilo ndilo jambo pekee ambalo nawaruhusu mlipokee kwa kuambiwa. Hata hivyo, kila anaponijia kijana aliyefiwa na kuniuliza, "Babu, marehemu ameacha hisa katika kampuni, nasi tufanyeje?" hunilazimu kuweka kikombe cha chai chini kwanza, kwa kuwa kicheko hunifika kabla ya jibu. Leo nitawapa vyote viwili.

Nilikuwa karani wa mirathi. Kazi yenyewe yaelezeka kwa maneno machache: mtu amefariki, ameacha nini, na ameacha nani. Kadhi alitamka mafungu ya warithi, hakimu akatoa hati ya kumteua msimamizi wa mirathi, nami nikahakikisha kwamba kila karatasi imefika inapotakiwa, imetiwa sahihi na mwenye haki ya kutia sahihi, wala haijamwagiwa mchuzi. Marehemu wa kwetu wakiacha mali, waliacha minazi, mbuzi, nyavu, au nyumba ya udongo. Hisa zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Mwinyihaji, mtu mfupi, mnyamavu, aliyekunja mikono ya kanzu kama anayetaka kutawadha hata alipokuwa akipiga mihuri. Alikuwa na swali moja kwa kila jambo uliloingia nalo chumbani kwake: "Umeona, au umeambiwa?" Ukijibu kwamba umeambiwa, alikurudishia jalada lako bila kulifungua. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka skuli na cheti kizuri, na niliamini kwamba swali lile liliwahusu makarani wengine.

Wiki chache kabla ya bendera kubadilishwa kwa Uhuru, aliingia mama mmoja wa Msambweni, aitwaye Bi Mejumaa, amejitanda buibui. Nyuma yake alifuata mwanawe Bakari, fundi cherehani wa Ukunda, na futi yake ya utepe imemning'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushitakiwa."

"Na nani?"

"Na huyu niliyemzaa."

Bakari alivua kofia, akaivaa tena. "Mungu apishe mbali, Bwana Karani! Mama hashitakiwi. Nataka uamuzi tu. Kadhi amempa mama thumuni ya mali ya baba. Thumuni si sehemu moja katika nane?"

"Ndiyo."

"Basi tazama. Amechukua thumuni ya karatasi, na muhuri wote!"

Nilimwambia sikumfahamu. Akatoa mfukoni ukanda wa karatasi nzito, umenyooka kama umekatwa na mashine, akauweka mezani kwangu. Bi Mejumaa akafungua pindo la leso, akatoa ukanda mwingine mwembamba zaidi, wenye muhuri mwekundu wa nta uliochorwa mmea wa katani na taji. Nikasoma ukanda mmoja, nikasoma wa pili, kisha nikaziweka pamoja. Ilikuwa hati ya hisa. Tuseme, ilikuwa imepata kuwa hati ya hisa.

Marehemu, Mzee Kassimu, alikuwa mnyapara katika shamba la katani kwa muda mrefu. Meneja wake alipokuwa akirudi kwao alimwachia hisa zake katika kampuni ile, zikaandikishwa upya kwa jina la Mzee. Alipofariki, Kadhi aligawanya mirathi katika mafungu arobaini: mama matano, wana wawili wa kiume kumi na manne kila mmoja, na binti saba. Fanyeni hesabu wenyewe, msiniamini mimi. Warithi wale, watu wacha Mungu wasiotaka kula haki ya mwenziwe hata kwa unyoya, walirudi nyumbani, wakagawanya sufuria, wakagawanya mikeka, kisha wakaigeukia hati.

"Nimepiga chaki kabla ya kukata," Bakari alisema kwa fahari. "Hakuna aliyepunjwa hata uzi. Nilianza na fungu la mama, kwa adabu, upande wa kulia. Sikuangalia kwamba muhuri uko huko."

"Nani aliwaambia mkate?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ndiye nani?"

"Watu wa kahawa pale Ukunda. Wanasema kila mrithi huenda Mombasa na kipande chake, akalipwa dirishani."

"Yupo miongoni mwao aliyewahi kwenda?"

Bakari alifikiri. "Hayupo. Lakini mmoja wao ana shemeji yake aliyepita mbele ya mlango."

Bwana Mwinyihaji alitoka chumbani mwake, akavitazama vile vipande viwili kwa muda, akarudi ndani na kufunga mlango. Tukasikia sauti kama ya mtu anayepiga chafya mfululizo. Baadaye niligundua kwamba hakuwa na mafua.

Sikutoa uamuzi siku ile, na ilikuwa heri, kwa maana bendera ilipobadilishwa Bakari alirudi siku ya tatu yake, mbio, na mama yake tena.

"Nafuta shauri, Bwana Karani. Mama na abaki na muhuri wake."

"Kulikoni?"

"Una taji! Taji limekwenda na wenyewe. Karatasi yenye taji haipokelewi tena dirishani. Tena, kwa kuwa kipande changu hakina taji hata chembe, naomba iandikwe kwamba ndicho kilicho hai."

"Nani kasema?"

"Yule yule mwenye shemeji."

Bi Mejumaa akavuta kiti, akaketi. "Mwanangu huyu apime watu viuno," alisema. "Serikali asiipime." Kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha. "Mwanangu, mimi muhuri siutaki, na taji silitaki. Nataka nyumba yangu."

Hapa yanipasa kuwafafanulia wale mliozaliwa bara. Kwetu pwani mtu aweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Nyumba ya Bi Mejumaa ilikuwa yake, mlango wake, paa lake. Kiwanja kilikuwa cha Bwana Sefu, tajiri wa pale pale Msambweni, ambaye alipokea kodi ya kiwanja kila mwezi. Sasa Bwana Sefu alikuwa anauza. Alimpa mama nafasi ya kwanza, na muda: mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla hajalipa, kiwanja kingekwenda kwa mtu wa Mombasa, na mama angeng'oa mlango wake na kuondoka. Tulikuwa tumeingia Shaabani.

"Thumuni yangu haitanunua hata pale choo kilipo," alisema. "Lakini hisa zote zikiuzwa, na wanangu wakiridhia, twaweza."

Zingatieni, basi, kilichokuwa mizanini: mwanamke mmoja, nyumba moja, mwezi mmoja, na karatasi moja iliyokatwa vipande vinne.

Sasa naja kwenye kosa langu, nami sitalipunguza. Bwana Mwinyihaji alishughulikia hati ya usimamizi, na hakimu akaitoa upesi kwa jina la Bi Mejumaa, watoto wote watatu wakiwa wamekubali. Mimi niliachiwa kampuni. Mtu mwenye akili angeiandikia barua. Mimi nilimuuliza karani wa masjala, ambaye hakupata kuona hisa maishani mwake, naye akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Hati ikikatwa, hisa zimekufa, ila vipande vyote virudishwe hadi cha mwisho." Nikaamini! Mimi, niliyekuwa nimetoka kumcheka Bakari na shemeji ya mtu wa kahawa. Nikachukua baiskeli ya ofisi, nikateremka mlima wa Kwale kwenda kukusanya vipande.

Cha mama nilikuwa nacho. Cha Bakari alinikabidhi kwa sharti kwamba fungu lake la fedha apewe mkononi, kwa kuwa alitaka kununua cherehani ya pili. Cha tatu kilikuwa Bongwe, kwa binti, Mwanasha, aliyeolewa huko.

Mwanasha alinikaribisha vizuri, akainamisha macho, akasema, "Kipande kipo, Bwana Karani. Kipo shingoni mwa mtoto."

Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake, mkwewe Mwanasha, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Shingoni mwa mtoto palikuwa na hirizi ya ngozi, nene kama kitumbua. Ndani yake, mafungu saba katika arobaini ya kampuni ya katani.

"Hakitoki," bibi alisema. "Kina jina la babu yake. Tangu akivae mtoto huyu hajakohoa."

Nikajinyoosha, nikatumia silaha ya mkuu wangu. "Mama, umeona, au umeambiwa?"

"Nimeona! Analala na mimi! Wewe hulala naye?"

Ushahidi wa macho ni ushahidi wa macho. Tukajadiliana hadi adhuhuri, na mwisho alikubali kuifungua hirizi kwa sharti moja: niandike kitu kingine chenye nguvu, kwa kalamu ya serikali, kitiwe mahali pake. Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikatoa karatasi ya ofisi, na baada ya kutafakari nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Mtoto huyu aogeshwe kila siku, anyweshwe maji yaliyochemshwa, wala asilazwe pasipo chandarua." Mwanasha alisoma, akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Yasemaje?" bibi aliuliza.

"Ni kali, mama," Mwanasha alijibu alipopata pumzi. "Lakini ina masharti matatu." Akamsomea neno kwa neno.

"Hirizi nzuri ni ile yenye masharti," bibi alisema kwa heshima, akaishona mwenyewe.

Vijana, masharti yale yalifuatwa kuliko sheria yoyote niliyopata kuandika. Hata kabla mwezi haujafika nusu, Bwana Mwinyihaji aliniita. "Nasikia umefungua uganga."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpata. "Umeona, Bwana, au umeambiwa?"

Akafungua dirisha. Barazani walikaa akina mama watano na watoto wao, wakisubiri kalamu ya serikali.

Kipande cha nne nilikifuata Diani, ambako Hamisi, mdogo wake Bakari, alikuwa msaidizi wa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni. Nilimkuta nyuma ya jiko, kati ya masufuria, akimenya viazi vya wageni huku akipiga mluzi.

"Kipande sinacho," alisema kwa furaha. "Nimekwisha kukituma kwa posta, kwa rejista. Mimi si mjinga wa kungojea wenzangu."

"Umekituma wapi?"

"Kwa kampuni. Nimewaandikia barua."

"Umewaandikia nini?"

Akanyooka, akafuta mikono, akaitamka barua yake kwa moyo. "'Bwana Mheshimiwa, naambatanisha kipande changu. Tafadhali nipeni mafungu yangu kumi na manne katika arobaini. Kama hamna chenji, pikipiki yatosha.'"

Nikaketi juu ya gunia la viazi.

"Wamekujibu?"

"Bado. Bila shaka wanaitafuta pikipiki."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili Shaabani kuisha. Tulikuwa na mafungu ishirini na sita ya karatasi, na pengo. Bakari alijitolea kuunganisha. Alipika gundi ya unga wa muhogo, akavibandika vile vipande vitatu juu ya kitambaa kigumu ambacho mafundi hutilia ndani ya kola, akapitisha uzi ukingoni ili kisichanike. Kazi ilikuwa safi mno. Ilipokauka, hati ilisimama wima mezani peke yake, kama kola ya kanzu ya sikukuu, ila ilikuwa na tundu ubavuni ambalo ungeweza kuchungulia na kumwona mtu upande wa pili.

Tukaenda Mombasa: Bi Mejumaa, Bakari, Hamisi aliyeomba ruhusa kazini, na mimi na mkoba wa majalada. Mwanasha alibaki na mtoto, akatupa idhini yake ya kuuza kwa maandishi. Pale Likoni, tukingoja kivuko, mtu mmoja aliyevaa koti alitusogelea. Sijui alisikia wapi.

"Mna hisa za katani? Nipeni mimi leo, kwa nusu. Wiki hii zinakufa."

Bi Mejumaa alimtazama kofia hadi viatu. "Kama zinakufa, baba, wewe wazitakia nini? Wanunua maiti?"

Watu wa kivukoni walicheka, na yule bwana akakumbuka kwamba ana safari nyingine. Likumbukeni jibu hilo. Anayekuhimiza uuze upesi kwa kuwa mali haifai, mwulizeni mbona yeye aitaka.

Katika ofisi ya kampuni tulipokewa na katibu wake, mzee wa miwani minene, mwenye sauti ya upole. Nilimsimamishia hati yetu mezani. Ilisimama. Yeye akainama, akachungulia kupitia tundu, akaniona mimi.

Hamisi akatoa ukelele: "Ile pale!"

Meza ya katibu ilikuwa na kioo juu, na chini ya kioo, mahali ambapo wengine huweka picha za watoto wao, palikuwa na kipande cha Hamisi na barua yake.

"Ni wewe?" katibu alimwuliza, akasimama. "Ndiye wewe wa pikipiki?" Akafungua mlango wa chumba cha makarani. "Jamani, njooni! Amekuja!" Wakaja wote, hadi tarishi, wakampa Hamisi mkono mmoja mmoja, naye akaupokea kama bwana harusi.

Niliona aibu kuliko nilivyopata kuona. Nilianza kueleza, kwa Kiswahili cha juu kabisa, jinsi tulivyokusanya, tulivyoshona, na jinsi tulivyokuwa tayari kuapa. Katibu aliniacha nimalize. Kisha akatoa kabatini daftari kubwa, akapitisha kidole, akakisimamisha.

"Kassimu bin Juma, wa Msambweni. Huyu hapa."

"Na hisa?"

"Hisa ziko humu, bwana mdogo. Haziko katika karatasi. Karatasi ni shahidi tu. Ikipotea, mwaapa, mwatia sahihi ya dhamana, nasi twatoa nyingine. Hata mngeipika mkaila."

Akaisoma hati ya usimamizi, akaridhika nayo. Kisha akachukua hati yetu ya hisa, iliyotugharimu baiskeli, hirizi, gundi na usingizi, akaitia chini ya mashine ya chuma, akaitoboa matundu mstari baada ya mstari hadi ikawa chujio. Ndivyo hati ya zamani inavyobatilishwa.

"Kola yangu!" Bakari alinong'ona.

Palibaki sahihi ya msimamizi. Katibu alisogeza kidau cha wino kwa ajili ya kidole gumba. Bi Mejumaa akakisukuma pembeni, akaomba kalamu, akaandika jina lake na la baba yake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, mwandiko uliopangika kama shanga. Katibu aliitazama sahihi ile, akaitazama yake mwenyewe iliyofanana na kuku aliyepita, akaondoa kidau. Mnunuzi mmoja mkubwa alikuwa akinunua hisa zote za kampuni wakati ule, kwa bei iliyobandikwa mlangoni, nami nilihakikisha tumepewa bei hiyo kwa maandishi. Tukaambiwa turudi baada ya wiki.

Tuliporudi, fedha zikatolewa, tukakaa kwenye ngazi za nje. Hapo ndipo nilipoacha kuwa karani mpumbavu. Sikukubali mtu yeyote asamehe fungu lake kabla sijamsomea fungu lenyewe. Shikeni hili kuliko mengine yote: mrithi asiyejua amepata nini hawezi kuambiwa kwamba ametoa. Nikamsomea kila mmoja kiasi chake.

Hamisi alikuwa wa kwanza. "Mimi, mama, pikipiki..."

"Ni haki yako. Utaiegesha wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani? Zimebaki siku tatu. Mwezi ukiandama, ua ule ni wa mtu wa Mombasa. Utambishia hodi umwombe akulazie pikipiki?"

Hamisi alitazama chini ya ngazi, kama aliyeona pikipiki yake ikipita na mtu mwingine. Kisha akaangua kicheko. "Basi nitaiegesha mwakani. Karani, andika. Langu ni la mama."

Bakari hakucheka. Alikuwa akizungusha futi yake kidoleni, anakunja, anakunjua. Cherehani ya pili haikuwa tamaa ya kitoto. Alikuwa na watoto wanne.

Mama yake hakumwomba. Alisema tu, taratibu: "Bakari, kukata, hata panya hukata. Fundi hujulikana kwa kushona."

Fundi yule aliifungua futi yote, akaikunja tena ncha kwa ncha, akaitia mfukoni. "Andika, Karani," alisema. "Na ukimaliza unisomee, nione kama ni sawa."

Nikaandika, nikamsomea, akaniambia nisome tena. Kesho yake tukalithibitisha mbele ya Kadhi, pamoja na idhini ya Mwanasha, ambaye tulipita kwake Bongwe nikamsomea fungu lake kwanza. Ardhi ilipolipwa kilibaki kiasi kidogo, na mama akakigawa. Bakari alinunua sindano na nyuzi. Hamisi alinunua kengele ya pikipiki, akaifunga kwenye baiskeli ya jirani.

Bwana Mwinyihaji alipokea taarifa yangu ya safari, kurasa sita. Aliisoma yote. "Barua moja," alisema. "Stempu moja. 'Je, jina la Kassimu bin Juma limo daftarini mwenu?' Wangekujibu kwa siku nne." Kisha akafunga jalada na kuongeza, "Ila usingemwona Hamisi akipewa mkono." Akaanza tena kupiga chafya.

Basi jibu lenu ndilo hilo. Iandikieni kampuni kwanza, mwulize daftari lasemaje. Pateni nakala za cheti cha kifo zilizothibitishwa, zaidi ya moja, kwa kuwa kila ofisi hutaka kubaki na yake. Msimamizi awe mmoja, na warithi wakubaliane juu yake kabla ya kwenda kwa hakimu, si barazani mwake. Hisa ziuzwe zikiwa nzima, ndipo fedha zigawanywe. Bei itakeni kwa maandishi. Na mkasi, jamani, mpeni fundi wa nguo, mwambieni ubaki kwenye nguo.

Mimi nilikwenda Msambweni siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, kwa kuwa mama alinialika chakula, na kwa kuwa nilitaka kuona mipaka kwa macho yangu. Bwana Sefu alikuwa amekwisha kulipwa jana yake mbele ya mashahidi. Tulikuwa tumeketi jamvini, Bakari, Hamisi na mimi, mama yuko jikoni, tulipomwona Bwana Sefu akija na nakala ya hati ya mauzo. Kwa miaka yote alikuwa akiingia uani mle moja kwa moja, bila kubisha, kwa sababu udongo ulikuwa wake. Akaingia vilevile.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Mimi."

"Mimi nani, ndani ya ua wa nani?"

Bwana Sefu alisimama. Akaitazama miguu yake. Akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi akatoka kwenye njia ya watu wote, akarekebisha kofia yake.

"Hodi!"

Jikoni mwiko uligonga sufuria.

"Hodi!"

Hamisi aliuma kofia yake. Bakari alikuwa amelala kifudifudi jamvini, na kanzu yake yote inatikisika. Mnaijua desturi: mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huondoka, wala halaumu mtu.

"Hodi, jamani!"

Mwiko uligonga tena. Bwana Sefu akageuka kuondoka. Alikwenda hatua moja, ya pili, ya tatu, makubazi yakilia mchangani, na Bi Mejumaa akatokea mlangoni, anafuta mikono, uso umemng'aa kama wa msichana.

"Karibu, Bwana Sefu," alisema. "Karibu kwangu."